Dawa ya Mafuta Kwenye Pikapu ya Dizeli: Uiweke au Uiache?

Kwenye sheli nyingi za barabara kuu kichupa hukaa pembeni ya anayepokea pesa, usawa wa macho ya dereva anayesubiri chenji. Kina picha ya nozeli inayong'aa, kile kifaa kinachopulizia dizeli ndani ya silinda za injini, na ahadi tatu: husafisha, huongeza nguvu, hupunguza ulaji wa mafuta. Mwenye Hilux ambaye gari lilimsumbua kuwaka asubuhi analipa, anamimina chote tangini na kuendelea na safari. Baadhi hupata nafuu. Wengi hawaoni tofauti yoyote. Wachache hujikuta gereji wiki mbili baadaye wakiwa na tatizo kubwa kuliko lile la mwanzo. Si suala la bahati. Kinachoamua ni kilichomo kichupani, aina ya injini, na ugonjwa uliokuwapo kabla ya dawa.

Jibu langu nalitoa mapema ili asiye na muda alipate: pikapu nzima inayopata dizeli safi haihitaji dawa kila unapojaza tangi. Dawa ina kazi halali katika hali tatu tu. Ya kwanza ni kusafisha midomo ya nozeli mara chache kwa mwaka. Ya pili ni kuongeza ulainishaji pale dizeli inapotiliwa shaka. Ya tatu ni kuua vijidudu kwenye mafuta yaliyokaa muda mrefu. Nje ya hapo, pesa ya kichupa ingefanya kazi kubwa zaidi kama ingenunua filta.

Kinachochanganya watu ni neno lenyewe. Tunasema "dawa ya mafuta" kana kwamba ni kitu kimoja, wakati dukani jina hilo linabeba vitu visivyofanana hata kidogo. Kuna kisafishaji cha nozeli. Kuna kilainishi. Kuna cha kupandisha setani, yaani wepesi wa dizeli kuwaka yenyewe inapopuliziwa kwenye hewa iliyobanwa. Kuna cha kushughulikia maji, na hiki kina matawi mawili yanayopingana, nitayaeleza. Kuna sumu ya kuua bakteria na ukungu. Kuna cha kuzuia dizeli isigande kwa baridi; hicho ni cha nchi zenye majira ya theluji, na mtu wa Morogoro au Machakos hana sababu ya kukinunua. Vichupa vingi huchanganya viwili vitatu. Kama kibandiko hakisemi wazi kimekusudiwa kufanya nini na kwa kipimo gani, kirudishe rafuni.

Dizeli ndiyo oili ya pampu

Tuanze na ulainishaji, maana hapa ndipo hofu ya wengi ilipo, na si hofu ya bure. Injini ina oili yake. Pampu ya mafuta ya gari dogo la dizeli haina: vyuma vyake vinavyosuguana hulainishwa na dizeli ileile inayopita ndani. Dizeli ikiwa kavu, pampu inajila yenyewe, na unga wake wa chuma unasafiri moja kwa moja hadi kwenye nozeli.

Ukavu huo unatoka wapi? Watu husema salfa ndiyo iliyokuwa ikilainisha. Si kweli hasa. Viwanda huondoa salfa kwa kuipitisha dizeli kwenye hidrojeni chini ya joto na presha kubwa, na kazi hiyo huondoa pia chembechembe nyingine zenye tabia ya kung'ang'ania chuma na kutengeneza utando mwembamba juu yake. Hizo ndizo zilizokuwa zikilinda pampu. Sweden ililijua hilo kwa uchungu mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilipoleta dizeli yenye salfa ndogo sana na pampu zikaanza kufa mapema. Tangu hapo ulainishaji hupimwa kimaabara: kigololo kinasuguliwa kwenye bamba likiwa ndani ya dizeli yenye nyuzi joto 60, kisha upana wa kovu unapimwa. Kiwango cha Ulaya hakiruhusu kovu lizidi mikroni 460 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Dizeli isiyotimiza kiwango hicho huongezewa kilainishi kabla haijafika kwa mnunuzi.

Afrika Mashariki ilihamia dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni Januari 2015. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa kilikuwa kimeshasimama mwaka 2013, kwa hiyo mafuta yanayouzwa huku huletwa yakiwa yameshasafishwa. Dizeli halali ya sheli, basi, huwa na kilainishi chake tayari. Kumwaga kilainishi kingine juu ya mafuta mazuri hakuongezi kitu cha maana.

Shida inaanza dizeli inapochakachuliwa kwa mafuta ya taa. Mafuta ya taa ni mepesi. Kwenye nyuzi joto 40 uzito wa mtiririko wake ni kama nusu ya dizeli au chini ya hapo, kwa hiyo utando kati ya vyuma unakuwa mwembamba mno. Serikali zimepambana na jambo hili. Tanzania kupitia EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza mwaka 2010 kuweka kinasaba, yaani alama ya kutambulisha mafuta halali, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya uchakachuaji. Kenya nayo iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa Septemba 2018. Hali imekuwa bora sana. Lakini dizeli ya kwenye madumu, ile inayouzwa kando ya barabara au iliyonyonywa kutoka tangi la lori, haina wa kuithibitisha. Ukilazimika kuitumia, hapo kilainishi cha kuongezea kina maana, na usisubiri mpaka pampu ilie.

Kuna jaribio moja la Marekani la mwaka 2007 lililosambaa sana kwa wapenzi wa dizeli. Dizeli isiyo na dawa yoyote ilitoa kovu la mikroni 636. Ilipochanganywa na asilimia 2 ya biodizeli, kovu lilishuka hadi 221, likazipita dawa zote za vichupani zilizopimwa. Hiyo haina maana ya mafuta ya kula. Biodizeli halisi hutengenezwa kwa kuyavunja mafuta ya mimea kwa kemikali. Mafuta ya alizeti yalivyo chupani ni mazito karibu mara kumi ya dizeli, hayapulizwi vizuri na huacha utomvu kwenye nozeli.

Injini yako ni ipi?

Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ na Hilux za zamani zenye 3L au 5L zina pampu ya mzunguko na nozeli za kimakanika. Zinavumilia. Ukikosea kipimo cha dawa zitatoa moshi, zitanguruma vibaya, kisha zitarudi. Hilux yenye 2KD au 1KD ni komon reli: mafuta yanakaa kwenye bomba moja kwa presha inayofika karibu baa 1,600, na kompyuta ndiyo inayofungua kila nozeli. Zile za 2GD na 1GD zilizokuja mwaka 2015 zinapita baa 2,000. Nafasi kati ya vyuma vinavyoteleza ndani ya nozeli hizi ni mikroni chache tu, wakati unywele wa mtu una kama mikroni 70. Kwa hiyo ushauri wa mzee aliyeendesha 5L miaka ishirini akichanganya hiki na kile ni wa kweli kwa gari lake, na unaweza kuiua pikapu ya mwanawe.

Angalia pia kama gari lina DPF, kile kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Masizi huungua, lakini madini ya kwenye dawa au oili hubaki kama jivu na kuziba kichujio moja kwa moja. Kwa gari la namna hiyo, dawa yoyote yenye madini ambayo mtengenezaji wa gari hakuiagiza haifai. Na AdBlue, kile kimiminika cha kusafishia moshi wa ekzosi, si dawa ya dizeli. Ina tangi lake na mfuniko wake. Ikimiminwa kwenye tangi la dizeli, usiwashe hata swichi, maana pampu ya tangini itaanza kuisukuma mbele. Vuta gari, tangi lishushwe.

Maji, adui asiye na kelele

Kwa magari ya huku, naona maji yanaharibu nozeli nyingi kuliko uchafu mwingine wowote, na ndiyo sehemu ambayo dawa isiyofaa huleta hasara kubwa.

Kiwango cha Ulaya cha dizeli, EN 590, kinaruhusu miligramu 200 za maji kwa kilo. Tangi la Hilux la lita 80 hubeba kama kilo 67 za dizeli. Piga hesabu: kikomo ni gramu 13 za maji, pungufu ya kijiko kimoja cha chakula kwa tangi zima. Sasa tazama drumu lililosimamishwa uani. Mvua imenyesha, juu kumetuama maji kuzunguka mfuniko. Usiku drumu linapopoa, hewa ya ndani inajinywea na kuyavuta maji yale taratibu kupitia nyuzi za mfuniko, hata kama umeukaza. Asubuhi juu pamekauka na hakuna anayeshuku kitu. Drumu la dizeli hulazwa ubavu, vifuniko viwili vikiwa kwenye mstari wa mlalo, mafuta yakivifunika kwa ndani. Au husimamishwa limeinamishwa ili maji yatiririke upande usio na kifuniko.

Dawa za maji ziko mbili. Moja huyavunja maji kuwa matone madogo sana na kuyachanganya na dizeli ili yapite yakaungue. Nyingine huyakusanya na kuyatupa chini, yakakamatwe na filta. Ile ya kwanza iliwafaa watu wa injini za zamani. Kwenye komon reli ni hatari: filta inayotenganisha maji haiwezi tena kuyaona, yanapita hadi kwenye pampu na nozeli, na maji hayalainishi. Huleta kutu na kukwangua vyuma. Kibandiko kinachosema "huondoa maji" hakikwambii ni ipi kati ya hizo mbili.

Unaweza kujipimia nyumbani kwa chupa ya kioo. Weka mililita 200 za dizeli safi na mililita 10 za maji. Kama kipimo cha dawa ni mililita 1 kwa lita, chukua mililita 0.2 kwa bomba la sindano la mililita 1. Funga, tikisa nusu dakika, acha nusu saa. Maji yakitua chini yakiwa maangavu na mstari kati yake na dizeli ukawa mkali, dawa hiyo inatenganisha. Chupa ikibaki na rangi ya maziwa, inachanganya. Usiiweke kwenye KD wala GD.

Hata hivyo, kinga ya kweli iko kwenye koki ya chini ya filta. Zima injini, iache ipoe. Weka chombo kinachoonyesha ndani chini ya koki, ifungue mizunguko miwili hadi miwili na nusu, bonyeza pampu ya mkono juu ya filta mpaka itoke dizeli tupu. Kaza kwa vidole, si kwa koleo. Nyingi ni za plastiki na zikipasuka gari litavuta hewa. Kile ulichokitoa kiache kitulie dakika kumi. Matone yanayoteleza chini kama shanga ni maji. Vumbi la kahawia ni kutu ya tangi au ya drumu. Vinyama vyeusi vinavyoteleza kama kamasi ni vijidudu, tutavirudia. Kwa anayejaza sheli za uhakika mjini, fanya hivi kila unapobadili oili. Kwa anayetegemea madumu, kila wiki. Taa ya filta ikiwaka kwenye dashibodi, usiseme utamwaga ukifika, simama umwage.

Filta yenyewe ibadilishwe kila kilomita 10,000 kwa mazingira yetu, hata kama kitabu cha gari kinaruhusu zaidi. Na usijaze filta mpya kwa dizeli ya kwenye dumu ili gari liwake haraka. Mafundi wengi hufanya hivyo kwa nia njema, lakini dizeli hiyo mara nyingi huingia upande uliokwisha kuchujwa na kwenda moja kwa moja kwenye pampu. Ifunge kavu, bonyeza pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, ndipo uwashe. Kwenye 1HZ unaweza kulegeza nati ya bomba la nozeli kutoa hewa wakati injini inapigwa stata. Kwenye komon reli usithubutu kulegeza bomba la presha injini ikiwa inazunguka: mafuta ya presha ile hutoboa ngozi, na jeraha dogo kama la sindano ni la kukimbizwa hospitali.

Kile ambacho dawa haiwezi kufika

"Fundi, gari linatoa moshi mweusi, niweke dawa gani?" Swali hili linaruka hatua. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Kabla ya nozeli, tazama filta ya hewa, mpira uliochanika wa intakula (kipoza hewa), tabo inayosukuma hewa, na EGR, ile njia inayorudisha sehemu ya gesi ya ekzosi ndani ya injini. Moshi mweupe wa asubuhi unaopotea injini ikipata moto mara nyingi ni plagi za hita. Wa bluu ni oili inaungua. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachotibiwa kutoka tangini.

Uchafu mweusi wa kwenye njia ya hewa ya injini za KD, ule unaofanana na lami na kuziba hadi nusu ya tundu, nao haufikiwi na dawa ya tangini kwa sababu rahisi: dizeli haipiti pale. Inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Uchafu ule ni masizi ya EGR yaliyokutana na mvuke wa oili, na hutolewa kwa kufungua na kukwangua.

Nozeli iliyokwisha nayo haiponi. Chuma kilicholika hakioti tena. Pima kabla hujanunua chochote. Kwenye mashine ya kusomea gari, injini ikiwa imepata moto na haijakanyagwa, soma marekebisho ya kila nozeli, yaani kiasi cha mafuta ambacho kompyuta inaiongezea au kuipunguzia. Nzima hukaa karibu na sifuri. Ikipita 3 juu au chini, ichunguzwe. Ikikaribia 5, jiandae kuibadili. Asiye na mashine achomoe mipira ya marejesho, ile inayorudisha mafuta ya ziada kutoka kwenye nozeli, mpira wa kila nozeli uingizwe kwenye chupa yake inayoonyesha ndani, injini ingurume dakika mbili. Chupa zikijaa sawasawa, vizuri. Moja ikijaa mara mbili ya wenzake, nozeli hiyo inavuja ndani.

Kwa wenye 1KD na 2KD kuna jambo ambalo ni lazima nilisisitize, maana limeua injini nyingi ambazo wenye nazo walikuwa wakizinywesha dawa. Chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba inayozuia moto wa silinda usipande. Ikichoka, gesi yenye masizi hupita na kuingia kwenye oili. Oili inageuka nzito, vipande vya kaboni vinashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio la kufyonzea oili. Siku moja taa ya oili inawaka kwenye mlima kama Kitonga, na beringi zinakwisha kabla hujapata pa kuegesha. Dalili za mapema ni mngurumo mkali wa asubuhi, gesi inayopuliza kwa nguvu ukifungua mfuniko wa kumiminia oili, na uchafu mgumu mweusi chini ya mfuniko huo. Tiba ni washa mpya na kufungua sampu kukagua chujio. Ukiona kijiti cha oili kinaonyesha oili imepanda na inanuka dizeli, usiendeshe.

Ni lini basi kisafishaji kinafanya kazi? Pale mdomo wa nozeli, ule wenye vitundu vya kupulizia, ulipoota kaboni kidogo. Gari limepungua nguvu pole pole, mngurumo umekuwa mkali kidogo, lakini vipimo vya nozeli bado viko vizuri. Hapo kisafishaji kizuri hurejesha sehemu ya nguvu iliyopotea. Jaribio la Ulaya la kupima visafishaji hivi hutia kwenye dizeli zinki kidogo mno, sehemu moja kwa milioni, na hiyo peke yake inatosha kuzichafua nozeli za komon reli. Hilo linatufundisha jambo la uani kwetu: mabati ya kawaida yamepakwa zinki. Tangi la akiba la mabati, ndoo ya bati ya kumiminia, bomba la maji lililotumika kama bomba la dizeli, vyote huyeyusha zinki ndani ya mafuta. Tumia chuma kisichopakwa au plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta. Sodiamu nayo, ya maji ya chumvi kwa mfano, hukutana na asidi za kwenye mafuta na kutengeneza aina ya sabuni inayonata ndani ya nozeli. Dumu lililobeba maji ya kisima cha pwani lisibebe dizeli.

Michanganyiko ya mtaani

Petroli kwenye dizeli "kusafisha njia": hapana. Inaondoa utando wa kulainisha na kushusha setani. Inaweza kuidhuru pampu ya presha. Mafuta ya taa: nimeshaeleza. Oili chafu iliyochujwa kwa kitambaa: imebeba masizi, madini na unga wa chuma, na kitambaa hakizuii mikroni 5. Oili ya gia ya otomatiki: ilitumika kuoshea nozeli za zamani, lakini haikutengenezwa iungue na huacha jivu.

Oili ya pikipiki za tu-stroki ndiyo yenye mashabiki wengi, kwa kipimo cha 1 kwa 200, yaani mililita 400 kwa tangi la lita 80. Katika jaribio lile la 2007 ilishusha kovu kutoka 636 hadi 474, kwa hiyo inalainisha kweli kiasi. Kwenye 1HZ au 5L inayokunywa mafuta ya madumu, sitamgombeza anayeitumia, mradi iwe ya jivu kidogo. Kwenye komon reli, na hasa yenye DPF, iache. Kilainishi kilichotengenezwa kwa dizeli hufanya kazi bora kwa sehemu ndogo ya kiasi hicho.

Pesa

Kuhusu ahadi ya kupunguza ulaji wa mafuta, kalamu inatosha. Tuseme dizeli ni shilingi 2,800 za Tanzania kwa lita. Tangi la lita 80 ni shilingi 224,000. Kichupa cha tangi moja tuseme ni 20,000. Ili kirudishe gharama yake tu, gari lililokuwa likienda kilomita 800 kwa tangi lazima lifike 871. Hiyo ni karibu asilimia 9. Gari zima halina asilimia 9 ya kupewa na dawa. Presha ya matairi, filta ya hewa na mzigo uliosahaulika nyuma vina nafasi kubwa zaidi. Anayetaka kujua ukweli wa gari lake ajaze tangi mpaka bomba likate, kwenye mashine ileile, matangi matatu kabla ya dawa na matatu baada, njia ileile na mzigo uleule. Tangi moja haliambii mtu kitu.

Cha kupandisha setani hakirudishi pesa, ila huleta utulivu: injini huwaka haraka zaidi asubuhi za baridi za Njombe au Limuru na mngurumo unapungua. Ukizidisha kipimo, hakuna nyongeza inayolingana.

Ukiamua kuweka

Pima kwanza nozeli, kama nilivyosema. Mwaga maji ya filta. Subiri tangi lishuke hadi robo, weka dawa kwanza, kisha jaza, ili mafuta yanayoingia yaichanganye. Kipimo cha 1 kwa 1,000 ni mililita 80 kwa lita 80; tumia bomba la sindano au kikombe chenye mistari, usikadirie kwa jicho. Usiongeze "kidogo cha ziada". Usichanganye dawa za kampuni mbili kwenye tangi moja. Safari ya tangi hilo iwe ya barabara kuu na mzigo, kwa sababu kaboni hutoka midomo ya nozeli ikiwa na joto. Foleni ya mjini haisaidii. Tangi la pili, rudia. Kisha, baada ya kama kilomita 1,000, badili filta, maana kisafishaji huamsha pia uchafu uliolala tangini miaka mingi. Gari likianza kukosa nguvu katikati ya matangi hayo mawili, mshukiwa wa kwanza ni filta iliyoziba. Baada ya hapo, mara moja kila kilomita 10,000 inatosha kabisa.

Sumu ya vijidudu ina utaratibu wake. Bakteria na ukungu huishi pale dizeli inapokutana na maji, kwa hiyo wanaohitaji dawa hii ni wa magari yaliyosimama miezi, jenereta na madrumu ya akiba. Ukiona kamasi nyeusi kwenye filta, fuata kipimo cha tiba kilichoandikwa, vaa glavu za mpira kwa sababu ni sumu hata kwako, acha mafuta yakae muda ulioelekezwa. Kuua si kusafisha: maiti za vijidudu hushuka kama tope na kuziba filta moja baada ya nyingine. Tangi lishushwe, lioshwe, likaushwe, maji yote yatoke. Na kwa safari ya kwanza baada ya kazi hiyo, chini ya kiti kuwe na filta mbili mpya, spana yake na chombo cha kukingia dizeli, kwa sababu ya kwanza inaweza isifike kilomita 200.